Meno ya Juu ya Shangazi

Hotuba hii ilitolewa katika Ngome ya Lamu mbele ya wazazi na vijana, jioni moja kabla ya msimu wa harusi. Msemaji ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi.

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu mlionitangulia kwa umri, shikamooni. Walimu wenzangu, kina mama mlioketi upande wa ngazi, na nyinyi vijana mnaojifanya mwatazama simu ilhali masikio yenu yako huku, nawasalimu nyote.

Nimeitwa nizungumze juu ya kuchagua mchumba. Naona aliyenipa mada alitaka niseme kwamba kumtazama mtu kisogo na visigino kabla ya kuposa ni ujinga wa zamani, mnipigie makofi, kisha twende tukanywe kahawa. Lau jambo lingekuwa jepesi hivyo, ningekuwa nimeshamaliza. Lakini mimi nimelelewa ndani ya hayo hayo, na waliokuwa wakiyasema hawakuwa wajinga. Kwa hivyo nitaanzia nyumbani kwetu.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na mwanya. Hamhitaji kuelezwa mwanya ni nini katika mji huu. Ni uwazi mdogo tu kati ya meno mawili ya mbele ya juu, na mwanamke aliyejaliwa nao husamehewa kasoro saba. Shangazi akicheka hufunika mdomo kwa ncha ya leso. Nyanya alikuwa akisema hiyo si haya, ni kiburi: mtu hafuniki kitu kisicho na thamani.

Meno hayo hayo mawili ndiyo yaliyomkosesha mume wa kwanza, kwa sababu shangazi alikuwa kigego. Vijana wengi neno hili hawalijui tena, na si vibaya. Kigego ni mtoto anayeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Pwani yetu iliamini mtoto wa namna hiyo ni nuksi kwa jamaa zake, na huko nyuma kabisa kulikuwa na watoto waliopoteza maisha kwa hilo, kwa hivyo silisimulii kwa kicheko. Enzi za shangazi mambo yalikuwa yamepoa, ila hayakuwa yamesahaulika. Mkunga alijua. Jirani alijua. Posa ilipokuja kutoka nyumba moja kubwa ya mtaa wa Mkomani, wanawake wa upande wa mume walifika kumtazama binti. Waliuona mwanya, wakafurahi. Wakamtazama anavyokaa mbele ya mbuzi akikuna nazi, anavyoamkia, anavyopeta mchele. Wakarudi kwao wameridhika. Kisha mmoja wao akapita kwa jirani, akauliza alichouliza. Siku ya tatu likaja jibu la adabu: nyota za watoto hazikupatana.

Hebu yafikirieni meno yale. Nafasi iliyo kati yao ni uzuri, zamu yaliyoota ni balaa. Kinywa ni kimoja.

Nyumbani kwetu kulikuwa na elimu nzima ya namna hii, na sisi wasichana tuliinyonya pamoja na maziwa. Mdomo mwembamba ni wa mtu mwenye maneno. Kidole cha pili cha mguu kikikipita kidole gumba, huyo mwanamke atamkalia mumewe kichwani. Kisigino kikavu ni cha mvivu asiyejitunza. Kisigino laini nacho ni cha mvivu, maana hakijawahi kufanya kazi. Masikio makubwa ni umri mrefu. Kipara kwa mwanamume ni mali, na mimi nimewaona wenye vipara wakikopa nauli ya mashua ya kwenda Mokowe. Nyusi zilizokutana, sisi wa Langoni tuliambiwa ni wivu. Shoga yangu wa Mkomani aliambiwa ni uzuri. Kutoka kwetu hadi kwao ni mwendo wa dakika kumi. Ukikutana na punda aliyebeba mawe, robo saa.

Na tazameni orodha hiyo imeinamia wapi. Alama za mwanamke zilianzia kwenye utosi zikaishia kwenye kucha ya mguu. Za mwanamume zilikuwa mbili tatu, na nyingi njema, kwa sababu waliotumwa kwenda kutazama walitumwa na upande wa mume. Aliyekuwa akitazamwa hakupewa nafasi ya kutazama.

Nilipomtaja punda nimekumbuka jambo. Hapa Lamu anayekwenda kununua punda humfungua mdomo, na hafanyi ushirikina. Meno ya punda husagika kadiri anavyokula miaka, kwa hivyo mwenye kujua hukisia umri wake kwa kuyatazama. Ni elimu ya kweli, ina sababu yake, na muuzaji akikudanganya meno yatakwambia. Kosa ni kuitoa elimu hiyo zizini ukaingia nayo ukumbini kwa watu. Meno ya punda yanaeleza kilichokwisha kumpita punda. Meno ya shangazi yalitakiwa yaeleze mambo ambayo hayajatokea, tena yatakayowapata watu wengine.

Sasa najua kuna mzee hapa ananiwekea Imamu Shafii. Namwona anatabasamu. Sheikh, subiri, nakuja huko huko.

Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii, na kisa hiki kimesimuliwa na wanafunzi wake wenyewe. Imamu alikwenda Yemen kutafuta vitabu vya firasa, yaani elimu ya kumjua mtu kwa umbile lake. Akavinakili, akavikusanya. Alipokuwa njiani kurudi akapita mbele ya nyumba, na mwenye nyumba amekaa uani: mtu wa macho ya buluu, mwenye komo, yaani paji lililochomoza, asiye na ndevu. Kwa mujibu wa vitabu alivyovibeba, huyo alikuwa na sifa mbaya kuliko zote. Imamu akamwomba malazi. Yule mtu akamkaribisha kwa bashasha, akamletea chakula cha jioni, akamletea manukato, akamlisha mnyama wake, akamtandikia godoro na shuka ya kujifunika. Usiku kucha Imamu akawa anajigeuza kitandani, akijiuliza atavifanya nini vitabu vile, maana vyote vimeonekana uongo.

Asubuhi akapanda mnyama wake, akamwambia mwenyeji: ukifika Makka, uliza nyumba yangu, ya Muhammad bin Idris. Yule mtu akamjibu: kwani mimi ni mtumwa wa babako? Kiko wapi nilichokugharamia jana? Akaanza kuhesabu. Chakula dirhamu mbili, manukato dirhamu tatu, majani ya mnyama, kodi ya godoro na shuka. Imamu akalipa, akaenda zake, ameviridhia vitabu vyake tena.

Kisa kinachekesha, na kwa miaka mingi kimetumiwa hapa kwetu kuthibitisha kwamba umbile halidanganyi. Mimi nakisoma vingine. Imamu, pamoja na elimu yake yote, hakuligundua lile komo asubuhi ile. Alikuwa ameliona tangu jana na lilimwambia akimbie. Kilichomfundisha yule mtu ni nani ni ile hesabu ya dirhamu. Alikaa naye usiku mmoja, wakaingiliana kwa chakula, malazi na fedha, ndipo akamjua. Angemkuta mwenye komo wa pili asiyedai, angefanyaje? Mtu anayeamini alama huihesabu siku iliyopatia tu, na siku iliyokosea huilaza usingizi.

Haya si ya kwetu peke yetu, msije mkadhani. Mnakaa katika ngome iliyomalizwa mwaka 1821, na mpaka 1984 ilikuwa jela. Huko Italia, Italia yenyewe hasa, si Malindi wanakoishi Waitalia, alikuwako daktari aitwaye Cesare Lombroso. Mwaka 1876 alitoa kitabu akidai kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu na unaweza kumtambua kwa umbile: taya kubwa, masikio yaliyochomoza, paji lililolala nyuma. Alipima mafuvu, alipima mikono. Wasomi wa Ulaya walimpigia makofi kwa miaka. Mwaka 1913 daktari wa magereza ya Uingereza, Charles Goring, akatoa hesabu zake baada ya wafungwa zaidi ya 3,000 kupimwa na kulinganishwa na watu wasiofungwa, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu na askari. Sura ya mhalifu hakuipata. Waliofungwa katika vyumba hivi mlivyovipita mkipanda ngazi walikuwa na masikio kama ya kwenu.

Na nyinyi mabaharia mtakipenda hiki. Mwaka 1831 nahodha wa Kiingereza aitwaye FitzRoy alitafuta msomi wa kufuatana naye katika meli yake, Beagle. Akaletewa kijana, Charles Darwin. FitzRoy alikuwa mfuasi wa Lavater, mchungaji wa Uswisi aliyewafundisha Wazungu kusoma tabia usoni, na alipoitazama pua ya kijana karibu amkatae. Pua ile, kwa maoni yake, haikuwa ya mtu mwenye ari ya kustahimili safari. Darwin mwenyewe alilisimulia uzeeni. Safari ilikwenda karibu miaka mitano na pua ikarudi salama.

Basi mtaniuliza: Mwalimu, unataka tuoane kwa macho kufumba? Sitaki. Na hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wetu wanaotoka chuoni wakisema sura si kitu, tabia ndiyo kitu. Sura ni kitu. Al-Mughira bin Shu'ba alipotaka kuposa, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru aende akamtazame mwanamke, kwani hilo ndilo linaloelekea kudumisha mapenzi baina yao. Na mke wa Thabit bin Qays alipomjia Mtume akitaka kuachana na mumewe, alisema wazi kwamba hamlaumu kwa dini wala kwa tabia. Riwaya ya Ibn Majah inaeleza kuwa ni sura iliyomshinda. Hakukemewa. Aliulizwa kama yuko tayari kurudisha shamba alilopewa mahari, akasema yuko tayari, akarudisha, wakaachana. Kwa hivyo binti akikwambia "simpendi tu, moyo haumtaki", usimwambie ana akili za kitoto. Hiyo ni haki yake.

Ila moyo kutomtaka mtu ni habari yako wewe unayetazama. Ukisema "sikupendezwa naye", umejieleza. Ukisema "ana kisogo cha mchoyo", umemshitaki mwenzio kwa kosa asilolifanya, na shahidi wako ni mfupa. Hayo mambo mawili tuliyachanganya katika chungu kimoja kwa muda mrefu mno, na moshi wake uliwaingia macho mabinti.

Watafiti wawili, Willis na Todorov wa chuo kikuu cha Princeton huko Marekani, walitoa utafiti mwaka 2006. Waliwaonyesha watu picha za nyuso kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hujapepesa. Kwa muda huo watu walikuwa wameshaamua yupi wa kuaminika na yupi siye. Walipoongezewa muda wa kutazama, maoni yao hayakubadilika sana. Kilichoongezeka ni uhakika wao. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka wale mama waliokuja kwetu kumtazama shangazi, walivyokaa saa mbili na nusu na kunywa birika zima la chai.

Sasa nisogee karibu, kwa sababu kuna jambo halisemwi mbele ya watu.

Miaka mingi baadaye, mimi nimeshakuwa mwalimu, nilimuuliza shangazi kama meno yale yalimuuma moyoni. Akacheka, mkono mdomoni, akaniambia: "Si meno, mwanangu. Ni baba na nyundo yake ya kalafati." Babu yangu alikuwa fundi wa kalafati. Alipiga pamba na mafuta kwenye nafasi za mbao za majahazi, kazi ya heshima, lakini mlango wa nyumba yetu haukuwa wa kuchonga. Nyumba ile ya Mkomani ilipenda mwanya, kisha ikafanya hesabu nyingine. Kusema "nyinyi ni maskini" haiwezekani katika mji ambao mtakutana msikitini, sokoni na mazikoni. Kusema "hatuujui ukoo wenu" ni vita. Meno yakawa njia ya kutokea, na juu ya meno wakatandika nyota, ili hata meno yasitajwe.

Mnajua nyota zinavyohesabiwa. Mwalimu wa falaki huchukua majina ya watoto na ya mama zao, kila herufi ina tarakimu yake, akajumlisha, akaondoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndicho nyota. Nyanya aliapa kwamba ameona jina la mama likihesabiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa jina la chuoni na ya pili kwa jina la kupanga, mpaka likatoka jibu linalotakiwa na waliolipa. Simlaumu sana yule mwalimu. Alikuwa anauza kitu ambacho mji ulikihitaji: namna ya kukataa bila kutukanana. Heshima ya nyumba mbili ilihifadhika. Iliyobaki na jina baya ni ya mtu mmoja, na hakuwa mwanamume.

Najua mnangoja niseme nyumba njema si mlango. Sisemi. Mlango wa Lamu ulichongwa ili usomwe, na wazee waliolipa mafundi mwaka mzima hawakutupa fedha. Mpita njia asome: hapa pana watu. Ila mlango unasema alichotaka mwenye nyumba useme. Na leo kila kijana ana mlango wake wa kuchonga mfukoni. Picha imelainishwa ngozi, taya limenyooshwa, nyuma yake kuna gari la mtu mwingine au mawimbi ya Shela. Tumewacheka wazee waliotazama visigino, na sisi tunateua mume kwa kidole gumba huku tumelala. Wazee angalau walimwona mtu akitembea.

Ningependa kuwaambia kwamba yule aliyemwacha shangazi alipata mke mkorofi, akajuta. Hakujuta. Alioa mke mwema, wakazaa, wakazeeka, na aliposwaliwa jeneza shangazi alitoa pole kama watu. Shangazi mwenyewe aliposwa na nahodha wa Faza, mtu wa makamo. Safari hii baba yake aliamua kutangulia: akamwambia wazi kwamba binti ni kigego, mtu asije akasema amefichwa. Nahodha akauliza kigego ndiyo nini, akaelezwa, akafikiri. "Mimi nalitanguliza miguu," akasema, "mama akakaribia kufa. Basi tumekutana." Walikaa pamoja miaka 31. Nyumba yao ilikuwa na ugomvi wa kawaida na kicheko kisicho cha kawaida.

Na huyu shangazi, msije mkamfanya malaika. Mwanawe alipofika umri wa kuoa, nilifuatana naye kwenda kumtazama binti wa watu. Tukakaribishwa vizuri, tukaletewa juisi ya ukwaju na visheti. Binti akaingia, akatuamkia, akatoka. Njiani kurudi, kwenye uchochoro mwembamba usiopitisha punda wawili, nikamuuliza: umeonaje? Akaniambia, "Mzuri. Lakini umeviona visigino vyake?"

Nikasimama. Nikamwambia: shangazi, wewe? Akanitazama muda, akatoa mkono mdomoni, mwanya wote nje, akacheka mpaka akashika ukuta. Yule binti ndiye mkwe wake mpaka leo. Visigino vyake sijui vikoje, sijawahi kumuuliza.

Wiki iliyopita mjukuu wangu anayesoma Mombasa alinijia na simu. "Nyanya, hebu mtazame huyu." Nikavaa miwani. Kijana amekaa vizuri, kanzu nyeupe, kofia ya vito. Na mimi, niliyekuwa nikiiandaa hotuba hii usiku na mchana, nikajikuta nayapima masikio yake. Nikamrudishia simu. Nikamwambia alete mtu mwenyewe, akae hapa kwangu, ale, azungumze na babu, nione akiwa na njaa na akiwa ameshiba. Atakuja Ijumaa baada ya laasiri. Kaimati nitazikaanga mwenyewe, na miwani nitaiacha chumbani.

Haya, kahawa iko tayari pale chini. Asanteni kwa kunisikiliza.